Kipindi Kisichokatizwa

Jioni ya Ijumaa, kona ya soko la Genteng, mjini Surabaya, haina pa kutia mguu. Wenye maduka ya redio na nyaya hufunga milango yao ya chuma kwa kishindo, pikipiki hupanda mpaka kwenye njia ya waendao kwa miguu, na muuza tahu tek hugonga mkasi wake, tek, tek, tek, huku akikata tofu ya moto juu ya sahani. Palupi alikuwa kwenye foleni ya tofu hiyo, mkoba mkubwa begani, mtandio wa rangi ya ndimu umembana uso vizuri, na blauzi ya batiki iliyopigwa pasi ikanyooka. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hajaolewa, na shangazi zake walikuwa wameshachoka kumuuliza kwa nini.

"Cak, nipe moja," alimwambia muuzaji. "Pilipili mbili tu, na rojo la kamba usinionee huruma."

Nyuma yake mtu akakohoa. "Samahani, dada. Hebu sema tena."

Palupi akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati la mirabaraba limekunjwa mikono, miwani imemteremkia puani.

"Niseme nini?"

"Hayo hayo. Pilipili mbili, rojo usinionee huruma."

"Kaka, kama unataka kuagiza, foleni inaanzia nyuma yangu. Kama unataka kuchokoza watu, nenda stesheni, wako wengi."

Yule bwana akacheka kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu alichokipoteza zamani. "Ndiyo yenyewe! 'Surabaya, amka, hata jua limeshakutangulia.' Si wewe?"

Miaka tisa Palupi alilisema neno hilo kila alfajiri kwenye maikrofoni, mpaka kituo chake kiliponunuliwa na watu wa Jakarta, wakaleta vipindi vyao vilivyorekodiwa huko huko, na watangazaji wa hapa wakapewa keki ya kuagana.

"Nilikuwa mimi," akasema.

"Na sasa ni nani?"

"Sasa ni mtu mwenye njaa. Sogea, sahani yangu hiyo."

Hata hivyo walikaa pamoja kwenye viti vya plastiki, maana vilikuwa viwili tu vilivyobaki. Jina lake lilikuwa Seno. Alimwambia kwamba miaka yote ile alikuwa akinyoa ndevu zake na yeye, redio kando ya kioo.

"Ala! Na mimi sina habari?"

"Ulikuwa ukisema mzaha, najikata. Hili kovu hapa kidevuni ni lako."

"Nilipe fidia?"

"Nilipe kwa kuniambia unakimbilia wapi. Umetazama saa mara tatu."

"Shuleni," akajibu Palupi, akamkazia macho mapema. "Najifunza kuandika programu za kompyuta. Na ole wako ucheke."

Seno hakucheka. Alitazama tofu yake kama iliyomwambia siri. "Ile shule ya jioni, ghorofani, juu ya duka la dawa?"

"Umejuaje?"

"Nimebahatisha." Akameza haraka haraka, akainuka, akaaga na kupotea kwenye umati.

Nusu saa baadaye Palupi alikuwa amekaa darasani na wenzake, wakimngoja mwalimu mpya wa sehemu ya pili. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mrefu, miwani puani, na doa jeusi la rojo la kamba kwenye mkono wa shati.

"Habari za jioni," alisema Seno bila kumtazama. "Mimi ndiye mwalimu wenu mpya. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na mgeni rasmi."

Palupi aliinamisha uso ndani ya mtandio akacheka mpaka machozi.

Usiku ule somo lilikuwa juu ya vitu. Mpaka hapo wanafunzi walizoea kuandika programu kama mtu anayetoa amri jikoni: fanya hili, kisha lile, rudia mpaka chungu kichemke. Sasa Seno alichora mstatili ubaoni.

"Hiki ni kiolezo cha pikipiki," alisema. "Kinasema kila pikipiki ina rangi, ina mafuta, inaweza kuondoka na inaweza kusimama. Lakini hapa hakuna pikipiki."

Palupi akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama hakuna pikipiki, hayo mafuta tunayatia wapi?"

Darasa likaangua kicheko, lakini Seno aliitikia kwa kichwa, kwa uzito. "Swali la maana. Hatuyatii popote, mpaka tuunde pikipiki zenyewe kutokana na kiolezo." Akaunda mbili kwenye kompyuta, moja nyekundu, moja ya buluu. "Nikijaza mafuta ya buluu, nyekundu nayo inajaa?"

"Haijai."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ya mtu mwingine, na kila mtu na tangi lake."

"Basi wewe vitu umeshavielewa."

Ukweli ni kwamba hakuwa amevielewa. Kulikuwa na kijineno kimoja kilichomnyima raha. Kila kitendo kilichoandikwa ndani ya kiolezo kilitaka kitanguliwe na neno lenye maana ya "mwenyewe": mafuta ya mwenyewe, rangi ya mwenyewe. Palupi alilisahau, programu ikakataa. Alilitia pasipotakiwa, programu ikakataa tena. Mwenyewe gani? Kiolezo si pikipiki, pikipiki bado haijaundwa, sasa huyu mwenyewe ni nani, na anatoka wapi?

Ndiyo ilikuwa sababu ya simu ya kwanza.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Programu yangu imenitukana kwa maandishi mekundu."

"Nisomee ilivyosema."

Akamsomea. Upande wa pili ukanyamaza.

"Mwalimu? Upo?"

"Nipo. Endelea kusoma."

"Nimemaliza."

"Ah. Basi soma tena tangu mwanzo."

"Wewe mwanamume!" alisema Palupi, na jikoni mama yake, Bi Sumarti, aliyekuwa akikaanga chipsi za kamba, akageuza shingo.

Baada ya hapo simu hazikuhesabika. Waliongea habari za programu kidogo na habari za dunia nyingi. Jumapili asubuhi, mtaa wa Darmo unapofungiwa magari, walitembea katikati ya barabara wakila mahindi ya kuchoma, yeye kavaa viatu vya michezo na sketi ndefu ya kijivu, Seno kavaa fulana iliyochakaa ambayo Palupi alimwapia ataifanya tambara la jikoni.

Siku moja chini ya miti ya bustani ya Bungkul alimsimulia aibu yake kubwa ya redioni. Ilikuwa Ramadhani, mwaka wake wa kwanza. Adhana ya magharibi ilikuwa hewani, Surabaya nzima imeshika tende mkononi, naye akagusa kitufe kibaya. Adhana ikakatika katikati, likaingia tangazo la shampuu ya kutibu mba.

"Astaghfirullah," alisema Seno, akijizuia.

"Simu zililia mpaka isha. Mzee mmoja aliniuliza, 'Binti, sasa nifuturu au nikaoshe nywele?'"

Seno alicheka hadi akashika mti. Naye Palupi, akicheka, akamshika mkono asianguke, akasema, "Polepole, Mas." Si kwamba neno lenyewe ni kubwa; ni 'kaka' tu ya Kijava. Muuza mboga huitwa Mas, dereva huitwa Mas. Lakini mwanamke akilishushia sauti namna ile, hata njiwa wa bustanini wanajua si muuza mboga anayeitwa.

"Umeniitaje?"

"Usijifanye hukusikia. Masikio yako nayajua, ni ya redio."

Shule haikukataza mwalimu na mwanafunzi mtu mzima kupendana. Lakini watu wana midomo, na mkuu wa shule, Bu Yuliastri, alikuwa mama mkali mwenye vikuku vilivyotangulia kusikika kabla yeye hajaonekana. Wakakubaliana kulifunika jambo lao mpaka masomo yaishe. Isitoshe, kampuni moja ya mizigo ya bandarini ilikuwa imeahidi kumchukua kwa mafunzo mwanafunzi mmoja ambaye kazi yake ya mwisho ingepita zote. Palupi aliitaka nafasi ile. Hakuitaka kwa hisani ya Seno; aliitaka kwa ajili ya miaka tisa iliyofungwa kwa kipande cha keki.

Wiki ya kazi ya mwisho ilipofika, baba yake Seno alipasuliwa jicho huko Malang, naye Seno akaenda kumuuguza. Siku ya kuondoka alipiga simu, akamkuta Palupi analia.

"Mwenyewe, mwenyewe, mwenyewe! Mas, nimechoka. Labda kichwa changu si cha kazi hii."

"Mpenzi, lala kwanza. Nikirudi tutaitazama pamoja."

"Ukirudi siku ya kukabidhi itakuwa imeshafika."

"Andika unachoweza. Mimi nitaelewa."

Kauli ile ilimkera Palupi kidogo, ingawa hakujua kwa nini. Asubuhi yake alikaa kwenye meza ya jikoni na kompyuta, akaanza kuisoma programu yake kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma taarifa ya habari.

Bi Sumarti akauliza, "Unaongea na nani?"

"Na programu, Mama."

"Inajibu?"

"Bado."

"Na huyo mwenyewe unayemtaja kila mara ni nani?"

"Ndilo ninalotafuta. Ni hivi, Mama. Chukulia redioni kuna karatasi moja ya salamu, imeandikwa: 'Mimi, halafu jina lako, nakukaribisha kwenye kipindi changu.' Karatasi ni moja. Nikiisoma mimi, hiyo 'mimi' ni Palupi. Akiingia mtangazaji wa jioni akaisoma, hiyo 'mimi' ni yeye. Karatasi haijabadilika. Mwenyewe ni yule..." Akasita, mkono hewani. "Mwenyewe ni yule aliyeshika maikrofoni wakati huo."

Mama alimngoja aendelee. Palupi hakuendelea. Alikuwa ameshaanza kuandika.

Aliandika wiki nzima. Kwa kuwa sasa alijua anachokisema, aliacha mifano ya pikipiki, akajenga kituo cha redio. Kwanza kiolezo cha Kipindi: kila kipindi kina jina, kina mtangazaji, kinaweza kuanza, kinaweza kukatizwa. Kutoka kwenye hicho vikazaliwa vingine kwa urithi, kipindi cha habari, kipindi cha salamu, kipindi cha matangazo ya biashara, vyote vikirithi tabia za mzazi bila yeye kuziandika upya, kila kimoja kikiongeza lake. Alipokosea alisoma kwa sauti mpaka kosa likajitaja. Alipomaliza aliifuta vumbi programu ile kama mtu anayefuta meza kabla ya wageni, akapeleka.

Seno alirudi kutoka Malang na macho mekundu ya kukesha wodini. Siku hiyo hiyo Bu Yuliastri alikuwa amegundua kwamba wanafunzi wawili wamekabidhi kazi zilizoandikwa zote na akili bandia, wala hawakuweza kueleza hata mstari mmoja.

"Atakayepita lazima awe msafi," alisema, vikuku vikilia. "Sitaki aibu na watu wa bandarini. Umenielewa, Pak Seno?"

Seno akafungua kazi ya Palupi. Aliona ukurasa wa kwanza, safi, umepangika, neno "mwenyewe" limekaa kila mahali lilipotakiwa. Akakumbuka kilio cha kwenye simu. Akashuku kwamba si kazi ya mkono wake. Hakufungua ukurasa wa pili.

Alimkuta koridoni, karibu na dirisha linalotazama alama ya duka la dawa. Palupi alikuwa amevaa kebaya nyepesi ya waridi, maana alitaka siku hiyo iwe njema.

"Palupi, kazi hii umesaidiwa na nani?"

"Umesemaje?"

"Niambie tu ukweli. Sitakasirika."

Tabasamu likamtoka usoni polepole. "Sijasaidiwa na mtu."

"Juzi tu hukuweza mistari mitano bila kosa."

"Na leo naweza. Si ndiyo maana ya shule?"

"Watu watasema nimekupendelea..."

"Kumbe ndilo linalokuuma." Sauti yake ilibaki chini, laini, ileile iliyoamsha mji. "Basi niulize. Chagua mstari wowote, niulize, nikujibu hapa hapa."

Wanafunzi walikuwa wakipita, wengine wakipunguza mwendo. Seno alitazama mlango, akatazama sakafu.

"Si sasa," akasema.

"Haya, Mwalimu." Palupi alitamka neno la zamani kwa adabu kamili, kama anayerudisha nguo ya kuazima, akashuka ngazi.

Jina lake liliondolewa kwenye orodha kwa neno la Seno. Nafasi ya bandarini akapewa kijana mwingine, mwema tu, asiye na kosa lolote.

Seno alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga ya nyumbani, akapokea Bi Sumarti.

"Anasali, mwanangu."

"Mama, sasa hivi ni saa nne asubuhi."

"Ni sala ya dhuha."

Alasiri akapiga tena. "Anasali." "Mama, sala ya alasiri imeshapita." "Anaomba dua ndefu. Ana mengi ya kumwambia Mungu." Simu ikakatwa.

Ramadhani ikaingia. Mitaa ikajaa meza za futari, sharubati za rangi zote kwenye mifuko, ndizi zilizochemshwa kwa nazi. Jioni moja Seno alibaki shuleni peke yake akipanga kazi za wanafunzi waliomaliza, na katika kupanga akafikia ile ya Palupi. Safari hii aliiendesha.

Kwenye kioo kituo cha redio kikaamka. Kipindi cha salamu kikaanza. Seno akakipa amri ya kukatizwa, kikakatizwa kwa heshima. Kipindi cha habari vilevile. Akateremka chini zaidi, akaona kiolezo kimoja kidogo ambacho hakukiona kabla: Adhana. Nacho kilizaliwa na Kipindi, kilirithi kila kitu, isipokuwa kitendo kimoja tu, ambacho Palupi alikiandika upya kwa mkono wake. Seno akaianzisha Adhana, kisha akaiamuru ikatizwe.

Kioo kikajibu: "Haikatizwi. Shampuu ingoje, watu wanafuturu."

Seno alicheka kwa sauti ndani ya chumba kitupu. Kisha akausoma mstari ule tena. Akili bandia ipi ingelijua hili? Nani mwingine duniani angelijua? Mwanamke yule alikuwa ameichukua aibu yake kubwa, akaijengea mlango usiofunguka tena kamwe, na yeye mwalimu hakuwa amefungua hata ukurasa wa pili. Nje misikiti ikaanza kuadhini. Alikaa na tende mkononi, akasahau kuila.

Asubuhi alimwendea Bu Yuliastri akamweleza yote, hata ya mapenzi yao. Mama yule alimsikiliza bila hata kikuku kulia. "Alama zake zitarudi," alisema mwisho. "Nafasi imeshakwenda. Na wewe darasa la mwezi ujao hutafundisha. Si kwa kupenda. Ni kwa kutosoma."

Siku ya pili ya Idi, Seno alisimama mlangoni kwa akina Palupi, kanzu fupi nyeupe, kofia nyeusi ya mahameli, kikapu cha matunda mkononi. Nyumba ilinukia mchuzi wa kuku wa nazi. Bi Sumarti alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Leo hasali," alisema. "Pita."

Palupi alikaa ukumbini, gauni la kijani kibichi, mtandio wa dhahabu hafifu. Seno alikunja mikono kifuani kama wafanyavyo watu wote siku hiyo, akasema maneno yasemwayo na watu wote siku hiyo: "Nisamehe, ya nje na ya ndani."

"Hicho ni kiolezo, Mwalimu," alisema Palupi. "Surabaya nzima imekitamka tangu jana. Chako mwenyewe kiko wapi?"

Seno akashusha mikono.

"Nilikuona ukianguka kwa wiki nyingi, nikazoea kuwa ndiye wa kukuinua. Uliposimama bila mimi, sikufurahi. Nilishuku. Ukaniambia nikuulize, sikukuuliza, kwa sababu niliwaogopa watu wa koridoni kuliko nilivyoogopa kukuumiza. Na kazi yako sikuisoma. Nilitazama ukurasa mmoja nikakuhukumu. Hilo ndilo langu. Sijalikopa kwa mtu."

Jikoni kijiko kiliacha kugonga sufuria. Mama alikuwa akisikiliza, wala hakuona haya.

"Nimesikia," alisema Palupi. "Kusikia si kusamehe."

"Najua."

"Na usidhani nimekaa hapa kungoja nafasi ya bandarini. Sidoarjo kuna watu wanatengeneza programu za foleni za zahanati. Niliwaendea na kituo changu cha redio. Walinikalisha wakaniuliza mstari kwa mstari." Akainua kidevu. "Naanza kazi baada ya sikukuu."

Uso wa Seno ulichanua, na furaha ile haikuwa na kona wala doa. Palupi aliitazama sana. Alikuwa amejiandaa kwa majuto yake. Kwa furaha yake hakuwa amejiandaa.

"Kula," alisema hatimaye. "Mama amepika kingi."

Hakumsamehe siku ile. Msamaha ulikuja kwa mwendo wake. Kwanza simu ilipokelewa, fupi fupi. Kisha siku moja Palupi mwenyewe akampigia, akamsomea kosa jekundu la kazini, na Seno, badala ya kumpa jibu, akamuuliza, "Wewe unaonaje?" Palupi akaona, akalitaja, likawa ndilo. "Lala salama, Mas," akasema, na Seno hakulala mpaka alfajiri.

Miezi ikapita, embe zikaiva. Alasiri moja Seno alimfuata kazini Sidoarjo kwa pikipiki. Njiani kurudi wakakuta mti wa kizuizi cha reli umeshushwa, kengele inalia, na pikipiki kama mia zimesongamana, jasho na moshi, muuza karanga akijipenyeza katikati. Treni ya mizigo ikaanza kupita, ndefu, nzito.

Seno akageuza shingo ndani ya helmeti, akasema kitu.

"Nini?" akapaza sauti Palupi.

Akasema tena. Mabehewa yakalimeza neno.

"Sisikii, Mas!"

Seno akavua helmeti, akavuta pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Na wakati huo huo behewa la mwisho likapita, kengele ikanyamaza, na sauti yake ikabaki peke yake juu ya barabara nzima:

"NASEMA, UTANIOA? NIKUOE? TUOANE!"

Pikipiki mia zikageuza vichwa. Muuza karanga akasimama. Mama mmoja mwenye kuku wawili kwenye kikapu akamwambia Palupi, "Mbak, dada yangu, mjibu huyo, amechanganyikiwa hata nani anamwoa nani." Nyuma mtu akapiga honi. "Fanya haraka, dada, mti unainuliwa!"

Palupi alikuwa amejificha uso kwenye mgongo wa Seno, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akajinyoosha, akatengeneza mtandio, akasema kwa ile sauti iliyonyooka ya hewani, kila neno likasikika hadi pikipiki ya mwisho:

"Wasikilizaji wapenzi, ametuposa. Nasi tunamkubali. Wazazi wake waje Jumapili."

Honi zikalia kama Idi imerudi. Mti wa reli ulikuwa umeshainuka zamani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.